Nimemaliza chuo nikiwa na miaka 20: je, nina haki ya kupumzika kwanza?

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni binti wa miaka 20, nyumbani kwetu ni Mbeya. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka 5, nikarushwa darasa la tatu, na Julai mwaka huu nimemaliza shahada ya uhasibu ya miaka mitatu Dar es Salaam bila sapu hata moja. Rafiki zangu wa sekondari wengi bado wako vyuoni kwa sababu walichukua udaktari na uhandisi, na watu wa umri wangu ndio kwanza wanaanza chuo. Baba anauza viazi Uyole, na kila jioni ananiuliza kama nimeomba kazi. Shangazi anataka nianze CPA, yaani mitihani ya kitaalamu ya uhasibu, mara moja, mjomba anataka niunganishe shahada ya uzamili. Mimi nimechoka. Nataka mwaka mmoja wa kuishi tu, nilale, nitembee, nikakae na bibi Tukuyu. Nina akiba ya shilingi 700,000 niliyodunduliza kwenye bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Lakini mimi ni mtoto wa kwanza kati ya wanne, na nikifikiria hilo naona aibu. Je, ninakosea?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hukosei, na ningependa jibu hilo likufikie kabla ya mengine yote, kwa sababu barua yako imeandikwa kama ya mtu anayeungama dhambi. Ninachokikataa katika ombi lako ni mambo mawili tu: urefu wa mwaka mzima, na hilo neno "kuishi tu". Mwaka ni mrefu kuliko unavyohitaji; miezi saba inakutosha. Na kuishi tu, kwa mtu aliyeendeshwa na kengele na ratiba tangu akiwa na miaka 5, si raha kama unavyodhani, kwani ifikapo wiki ya sita utajikuta umelala hadi saa nne asubuhi, simu mkononi, ukiwaonea wivu watu waliochelewa kazini.

Wewe ni mhasibu, basi tuanze na hesabu. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, akasoma saba ya msingi, minne na miwili ya sekondari, kisha mitatu ya chuo, na katikati akangoja matokeo na nafasi kama wote tunavyongoja, hufika siku ya mwisho ya chuo akiwa na miaka 23 au 24. Wewe umefika ukiwa na 20. Una miaka mitatu kibindoni ambayo wenzako hawana, na hakuna aliyekupa zawadi hiyo: umeinunua kwa utoto wako. Kabla hujafikisha miaka 18 taifa lilikuwa limekwisha kukupima mara tano, darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita, na kila mara ulikaa mtihanini na watoto waliokuzidi umri, wewe ukiwa mdogo kuliko wote chumbani. Uchovu unaousema ninauamini.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Katika utumishi wa umma mtu hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, kwa hiyo ukiajiriwa leo unasaini miaka 40 ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwa humo humo. Zidisha kwa 40 upate siku 1,120, yaani miaka mitatu na siku chache, nazo utazipata vipandevipande, mara nyingi kwa miezi ambayo mkuu wako wa kazi ameichagua yeye, na nyingi zitaliwa na misiba, harusi na watoto kuumwa. Miezi saba mfululizo isiyo ya mtu mwingine hutaipata tena kabla nywele hazijawa na mvi, labda kwa ugonjwa au kwa kuachishwa kazi, na hizo si njia ambazo mtu huziombea. Na kama hofu ni kwamba mlango wa ajira utafungwa, soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: kwa kawaida yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Una robo karne kabla sharti hilo halijakugusa.

Ninasema miezi saba kwa sababu nimehesabu kuanzia Agosti hadi mwisho wa Februari. Ndani yake kuna mahafali, ambayo vyuo vingi huyafanya kati ya Novemba na Desemba, na kuna sikukuu za mwisho wa mwaka ambazo hata waajiri wengi hawafanyi lolote la maana. Pumziko lenye tarehe ya mwisho huliwa kwa utulivu. Lisilo na tarehe humfanya mtu aamke kila siku akijadiliana na nafsi yake kama leo ndiyo siku ya kuanza kutafuta kazi, na mjadala huo unachosha kuliko kazi yenyewe. Nimewahudumia wahitimu kwa miaka mingi, na waliorudi kwangu wakilia hawakuwa wale waliopumzika. Walikuwa wale walioshindwa kusema kama wanapumzika au wanatafuta kazi, wakaharibu vyote viwili.

Lipo swali moja ambalo ninataka ujiulize kabla hatujaendelea, nalo ni gumu kidogo: umechoka, au unaogopa? Binti wa miaka 20 ambaye amekuwa hodari darasani maisha yake yote ana sababu nzuri ya kuogopa ofisi, kwa sababu huko hakuna anayetoa alama, na wafanyakazi wenzake watamwita "mtoto" hata akiwa ndiye aliyefunga hesabu za mwezi. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Uchovu huisha kwa usingizi, hofu hunenepa kwa usingizi. Lala wiki tatu bila kujilaumu, kisha mwishoni mwa wiki ya tatu fungua tangazo moja la kazi ya mhasibu daraja la pili ulisome mpaka mwisho. Ikiwa moyo umetulia na hata unajisikia hamu kidogo, ulikuwa umechoka tu, na sasa unaweza kwenda kutembea kwa amani. Ikiwa unalifunga haraka na tumbo linavuruga, basi pumzika, ndiyo, lakini panga katika miezi hii kitu kimoja kitakachokuzoesha kazi taratibu. Nitakitaja hapa chini.

Kabla ya raha, makaratasi. Yape wiki mbili, yaishe. Hakikisha fomu yako ya klirensi imesainiwa kila dirisha, kwa maana kitabu kimoja cha maktaba ambacho hakikurudishwa kinaweza kukunyima cheti siku wenzako wanapokea vyao. Omba transkripti mapema. Kama hukukamilisha kitambulisho cha NIDA ulipofika miaka 18, kamilisha sasa, kisha ufungue akaunti kwenye mfumo wa ajira wa serikali na upakie vyeti vyako ukiwa na akili timamu na mtandao mzuri, wala si usiku wa mwisho wa tangazo. Kadi ya bima ya mwanafunzi, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, haikufuati nyumbani baada ya chuo, kwa hiyo uulize mapema ni bima gani unaweza kuingia. Na kwa kuwa umesoma kwa bumu, ingia kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo uone deni lako ni kiasi gani, hata kama namba hiyo itakukosesha usingizi usiku mmoja. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara. Habari njema ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyowatesa kaka na dada zako waliokutangulia, iliondolewa mwaka 2021, hivyo deni halitavimba kwa tozo hiyo eti kwa sababu umekwenda kukaa na bibi.

Tuje kwa baba. Ninamfahamu baba yako bila kumwona, kwa sababu nimekaa na wengi wa namna yake. Hakuulizi habari za kazi kila jioni kwa kuwa anataka mshahara wako kesho asubuhi. Anauliza kwa kuwa pale sokoni Uyole kuna mtu humuuliza yeye kila mchana, "Yule binti yako aliyemaliza chuo, kazi amepata wapi?", naye hana la kujibu. Mpe la kujibu. Usimweleze kwamba unataka kufurahia maisha, maana mzazi aliyebeba magunia ili usome atasikia kwamba yeye anateseka na wewe unastarehe. Mwambie unaomba muda hadi mwisho wa Februari, mtaje mwezi huo waziwazi, na umwambie kwamba katika muda huo utakuwa unangoja mahafali na vyeti, na utamfungulia vitabu vya hesabu vya biashara yake. Kesho yake akiulizwa atasema, "Anangoja joho, na kwa sasa ananiwekea hesabu zangu sawa." Hiyo ni sentensi ambayo mfanyabiashara wa viazi anaweza kuitamka akiwa ameinua kichwa. Zungumza naye baada ya chakula cha jioni, mama akiwepo, wala usimtume shangazi akusemee.

Na hizo hesabu za viazi ndicho kile kitu cha kukuzoesha kazi nilichokuahidi. Usizione ni adhabu. Umesoma gharama za uzalishaji miaka mitatu kwa mifano ya viwanda ambavyo hujawahi kuviona. Sasa utakaa siku mbili kwa wiki kwenye biashara ya kweli, ambapo mkulima analia kwamba lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, inamnyonya, dalali anadai fungu lake, lori limeharibika njiani kuelekea Dar es Salaam na nusu ya mzigo umeanza kuoza. Ukiandika kila gunia, uzito wake, bei yake na hasara yake kwa miezi mitatu, utamwonyesha baba jambo ambalo yeye mwenyewe halijui, kwa mfano kwamba mteja anayempenda kuliko wote ndiye anayemtia hasara. Sijui raha nyingine inayomfaa mhasibu kijana kuliko kumwona mzazi wake akinyamaza mbele ya karatasi ya hesabu, kisha akacheka. Na siku ya usaili, utakapoulizwa ulikuwa unafanya nini tangu Julai, utakuwa na jibu lenye tarakimu.

Kuhusu wadogo zako, aibu yako ina ukweli ndani yake, lakini ipime kama unavyopima deni lolote. Ikiwa wanasoma shule za serikali, ada iliondolewa tangu 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita. Zilizobaki ni sare, madaftari, michango, nauli na chakula cha bweni, ambavyo si vidogo kwa mfuko wa baba yako. Mwulize ni kiasi gani kinahitajika Januari, jumla yake, na wewe uchukue sehemu moja ndogo inayotajika, kama vile sare za mmoja wao. Mtoto wa kwanza anayelipa kitu kimoja anachokifahamu hulala vizuri kuliko yule anayebeba mzigo usio na kipimo kichwani na asilipe chochote.

Fedha yako, hizo 700,000. Nimefurahi sana kuziona, kwa sababu ninajua bumu ni 10,000 kwa siku na ninajua bei ya wali maharage Dar es Salaam. Usizichukue zote kuwa za matembezi. Tenga 300,000 usiziguse kabisa: hizo ni nauli na malazi ya usaili, iwe Dodoma au Dar es Salaam, na hutaki siku hiyo ikukute unakopa. Zinazobaki 400,000 ukizigawa kwa miezi saba ni kama 57,000 kwa mwezi, na ukiwa unakula na kulala nyumbani, huo ni uhuru wa kutosha kwa mtu anayetembelea mkoa wake mwenyewe. Sare za mdogo wako nazo zitoke humo humo, katika fungu la mwezi mmoja. Zikiisha zimeisha. Mikopo ya simu na ile mingine ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu usiiguse kwa sababu ya safari wala nguo ya mahafali, na usimkubalie mtu yeyote mwenye gari anayekwambia kwamba binti mdogo kama wewe hapaswi kuhangaika na nauli.

Sasa raha yenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili na nimeona kwamba umetaja kulala, kutembea na bibi, mambo matatu, na hukutaja Dubai wala Zanzibar. Hiyo ni dalili njema. Vijana wengi waliosomea Dar es Salaam hurudi Mbeya wakiwa wanaifahamu Kigamboni kuliko mlima ulio juu ya paa la nyumba yao. Je, umepanda Loleza? Umeona Ziwa Ngosi, ambalo liko ndani ya kasoko ya volkano, na njia yake inapita katika msitu mzito unaolowesha viatu hata siku ya jua? Ngosi ni safari ya siku moja kutoka mjini kwa barabara ya Tukuyu, nenda na mwongozaji na mtu wa kufuatana naye, na usidanganywe na wanaosema ni matembezi mepesi. Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, ambayo siku hizi iko mkoa wa Songwe, kipo kimondo chenye uzito wa tani zipatazo 16, miongoni mwa vikubwa vinavyojulikana duniani. Ulimwengu wa nje ulikifahamu mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakikifahamu zamani. Ukiwa umekaa kitini miaka 15 ukisoma mambo ya mbali, kuweka kiganja juu ya chuma kilichoshuka kutoka angani, saa chache kutoka kwenu, ni elimu isiyo na mtihani.

Kwa bibi usiende siku tatu. Nenda wiki tano, na uende ukiwa na kazi ya kufanya, kwa sababu bibi wa Tukuyu hamheshimu mgeni anayekaa tu. Chuma chai kama anayo, menya ndizi, beba maji, na jioni muulize mambo. Ninakisia, kutokana na Kiswahili chako kilichonyooka hivi, kwamba Kinyakyusa unakisikia lakini humjibu kwacho. Hiyo ndiyo kazi yako ya miezi saba ninayoipa uzito kuliko zote. Lugha ya bibi hujifunzi kwa likizo za siku 28, kwa maana wiki ya kwanza utaona haya, ya pili watakucheka majirani, na ni katika ya nne ambapo ulimi huanza kukubali. Andika majina ya watu wa ukoo mpaka anapokoma kukumbuka. Ukitoka hapo shuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ukaone vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe vinavyoletwa kwa mitumbwi, na kama hujui kuogelea, tafuta mtu wa kukufundisha penye maji ya kina kifupi.

Hapa naomba nijitoe mfano, ucheke kidogo. Mimi nilimaliza chuo siku ya Ijumaa na nikaanza kazi Jumatatu, na kwa miaka mingi nilijisifia jambo hilo. Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka 41, nikishikiliwa nyuma na mtoto wa jirani wa darasa la tano, na mtaa mzima ukitazama. Kuna mambo ambayo mwili wa miaka 20 huyajifunza kwa siku mbili na kuanguka mara tatu bila kuumia, na huo ndio wakati wake. Chagua moja, iwe baiskeli, kuogelea, kushona au kupiga gitaa, na usiiandike kwenye wasifu wako wa kazi.

Treni nayo nisiiache. Wewe umekuwa ukienda chuoni kwa basi, na basi linakimbia barabarani usiku huku umefunga macho. Reli ya TAZARA inapita kwenu. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na kipande cha kati ya Makambako na Mlimba, chenye mahandaki na madaraja yaliyojengwa miaka ya sabini, ni katika vipande vizuri vya reli katika nchi hii. Ulizia ratiba kwanza, kisha uiulizie tena, kwa sababu treni hiyo haimwahidi mtu saa. Kwa anayekwenda usaili ni kero. Kwa aliye katika miezi yake saba haina neno.

Kuna upweke utakaokujia, na hakuna aliyekuonya juu yake. Rafiki yako anayesoma udaktari ana miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mtakuwa mkiongea lugha mbili tofauti kwa muda, yeye akilalamikia mitihani ambayo wewe umeisahau. Usijaribu kurudi chuoni kila mwisho wa juma kukaa kwenye vitanda vya wenzako. Badala yake, nenda Mwanjelwa ukamtafute yule msichana mliyekaa naye dawati moja sekondari, aliyeishia kidato cha nne. Pengine ana duka la mitumba na mtoto anayetembea. Wewe umemtangulia kwa vyeti, yeye amekutangulia kwa kupanga chumba, kulipa kodi, kukopesha na kudhulumiwa, na kuamka kesho yake akafungua duka. Waswahili waliposema kutangulia si kufika hawakuwa wakikubeza wewe, ila ukikaa na huyo mwenzako saa tatu kwenye meza yake ya nguo utaelewa vizuri nani yuko wapi. Urafiki wa namna hiyo hupatikana ukiwa huna haraka.

Kuhusu shangazi na mjomba nitasema kwa ufupi. Shangazi ana hoja: CPA ina maana kwa mhasibu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayoitoa, hufanyika Mei na Novemba, na ukimaliza pumziko Februari unaweza kukaa mtihani wa Mei kwa kuanza na masomo machache, mradi tangazo la usajili ulitazame mapema kabla halijafungwa. Lakini Novemba hii waachie wengine. Mjomba sikubaliani naye. Shahada ya uzamili kwa mtu wa miaka 20 ambaye hajawahi kufunga hesabu za kampuni hata moja humfanya awe na vyeti viwili na uzoefu sifuri, na mwajiri anayetafuta mhasibu wa kuanzia humwogopa mtu wa namna hiyo. Fanya kazi kwanza, kisha utajua mwenyewe ni uzamili wa nini unaoutaka, na huenda mwajiri akakusaidia ada.

Utaambiwa pia ukajitolee mahali. Kujitolea kunafaa pale ambapo kuna mtu mwenye jina na cheo aliyekubali kukufundisha, na kuna tarehe ya kumaliza iliyoandikwa. Penginepo kujitolea kumegeuka kuwa namna ya kupata karani wa bure, na nimeona vijana walioingia kwa miezi mitatu wakatoka baada ya miaka miwili wakiwa na barua ya shukrani. Ukipata nafasi nzuri, omba ianze Machi.

Wakati wote huu tenga asubuhi moja kwa wiki, Jumatatu kwa mfano, ufungue matangazo ya kazi, uombe lile ambalo kweli unalitaka, kisha ufunge. Wapo washauri wenzangu wanaosema mhitimu asipitishe siku bila kuomba. Mimi nimeona maombi 80 yaliyoandikwa kwa woga yakimzidi mtu kwa uchovu kuliko yalivyomsaidia. Ikitokea kazi nzuri ikakuita Novemba, nenda. Miezi saba ni haki yako na unaweza kuikatisha mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la ratiba tu. Hifadhi ya Kitulo iwe safari yako ya kufungia, mwezi wa Februari, kwa kuwa maua yake yanachanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, na watu wa huko wana sababu ya kuiita Bustani ya Mungu. Tatizo ni kwamba miezi ya maua ndiyo miezi ya mvua, na barabara inayopanda kutoka Chimala ina kona 57, zimehesabiwa, wenyewe wanaiita Hamsini na Saba. Panda asubuhi mapema na dereva anayeifahamu, usipande ikiwa imenyesha usiku kucha, na beba sweta mbili, maana moja italowa.